Jembe Nililolifungia Stoo

Machochwe, jua likielekea kuzama

Ghati mwanangu,

Nimekaa mezani peke yangu. Wewe umekwenda kumuaga Mama Wegesa, na ninavyomjua hatakuachia mpaka ule. Usiku huu ni zamu yangu ya kulinda mahindi. Tembo walionekana jana kule korongoni, kwa hiyo nitalala kibandani shambani, na asubuhi nikifika hapa utakuwa umefunga begi na kijana wa bodaboda anapiga honi. Hapo hatutazungumza. Wewe utasema, "Tata, ubaki salama," mimi nitasema, "Haya," na yote niliyotaka kusema yatabaki kooni. Unajua maneno yakinibaki kooni anaumia nani. Anaumia mtu wa kwanza nitakayekutana naye barabarani. Bora niandike.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama Wegesa ameshakuambia yote, usinunue mayai ya stendi, usimwazime mtu simu, vaa soksi maana basi lina baridi alfajiri. Tunduru, ulikopangiwa kazi sasa, ni mbali na mimi sijawahi kufika. Siwezi kukuelekeza mahali nisipopajua. Nataka kuzungumza jambo moja tu, kupumzika. Najua utacheka, kwa sababu katika nyumba hii mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kulitamka neno hilo.

Mama yako nilimuoa kutoka Kemambo nikiwa mwalimu mpya. Hilo unalijua. Usilolijua vizuri, kwa sababu ulikuwa mdogo na mimi sikupenda lizungumzwe, ni habari ya jembe lake.

Wanawake wa upande huu walikuwa na risaga yao. Leo wanalima kwa huyu, keshokutwa kwa yule, mpaka shamba la kila mmoja limeguswa, kisha wanaanza tena. Mwenye shamba anapika uji wa ulezi, wengine wanashika mstari mmoja, jembe kwa jembe, na mmoja anaanzisha wimbo. Mama yako alikuwa na sauti ya kuitikia. Hakuwa mwanzishaji, alikuwa mwitikiaji, yule ambaye asipokuwepo wimbo unalegea kama kamba iliyokatika uzi mmoja. Alikuwa akirudi mchana, udongo mpaka kwenye kope, anatembea kama mtu aliyepigwa, na anacheka.

Mimi kicheko sikukiona. Niliona udongo. Nilikuwa nimesoma, Ghati. Nilikuwa nimemaliza vitabu vyote vya kabati la shule na magazeti yote yaliyofika Mugumu yakiwa yamechelewa, na nilikuwa nimeshajua nani anamnyonya nani duniani. Nikamtazama mke wangu nikaona mnyonywaji. Bado ninaamini mengi ya yale niliyoyasoma. Bado ninasema mwanamke wa Kikurya anabebeshwa mzigo ambao punda angeukataa, na mwanaume anayebisha namkaribisha aje tubishane, nafasi ipo. Lakini kuwa na haki kuhusu wanawake wote si sawa na kumjua mwanamke mmoja anayelala pembeni yako.

Kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema tumewageuza wake zetu kuwa maksai. Watu walinong'ona. Mzee mmoja aliyekaa mbele akaniuliza taratibu, "Mwalimu, na wa kwako umeshamfungua nira?"

Mkutano mzima ulicheka, na kicheko kile kilinichoma. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua. Niliweka vibarua wa kulima, nikakodi ng'ombe wa plau, nikaenda Mugumu nikanunua yale makochi mekundu unayoyajua. Kisha nikachukua jembe la mama yako nikaliingiza stoo, nikafunga kufuli, na ufunguo nikautia mfukoni.

"Kuanzia leo unapumzika," nikamwambia.

Alikuwa anachambua mboga. Akaniangalia kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na mgeni.

"Nipumzike nikifanya nini?"

"Usifanye kitu. Hiyo ndiyo maana ya kupumzika."

"Mpaka lini?"

Nilicheka. Nilidhani ni utani wa mtu aliyefurahi asijue aseme nini.

Mama Wegesa alikuja baada ya wiki kama mbili. Hakuingia ndani, alisimama pale mlangoni na kitenge chake kiunoni. "Mwalimu, shikamoo yako ukiitaka nitakupa," akasema, ingawa tunalingana umri, na hapo nikajua amekuja kwa vita. "Tumekosa mwitikiaji. Mrudishe mwenzetu."

"Tafuteni redio," nikamjibu.

"Redio haijui kutaniwa," akasema, na akaondoka.

Nilijisifu kwa jibu lile. Nililirudia ofisini kwa walimu wenzangu, nao wakacheka, na mmoja akasema mimi ni mwanaume wa kisasa. Ninakuandikia haya ili ujue kwamba madhara makubwa zaidi niliyoyafanya maishani niliyafanya siku ambazo watu walinipongeza.

Sasa nikuambie nilichokuja kukijua baadaye, mama yako akiwa kaburini na Mama Wegesa akiwa amekubali tena kuzungumza na mimi. Kabla yako tulikuwa na mtoto, kaka yako Mwita, ambaye hukumkuta. Alikufa kwa homa akiwa ameanza kutambaa. Mimi nilimzika, nikaomboleza siku zile za watu, kisha nikarudi shuleni nikaanza ugomvi mkubwa na kamati kuhusu madawati. Kila mtu anakumbuka ugomvi ule wa madawati. Hakuna aliyejua, hata mimi sikujua, kwamba nilikuwa namlilia mwanangu. Mama yako hakuwa na kamati ya kugombana nayo. Alikwenda risaga.

"Tulimweka katikati," Mama Wegesa aliniambia.

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama anavyoelezwa mtoto. Mwanamke aliyefiwa anawekwa katikati ya mstari. Hakuna anayemuuliza kitu. Hakuna anayempa pole, pole zimeshatolewa msibani. Wa kulia na wa kushoto wanapunguza mwendo wao kidogo tu, asijue, ili asibaki nyuma peke yake na jembe lake. Akisimama alie, mstari mzima unapata sababu ya kusimama. Mmoja anafunga kitenge upya, mwingine anatoa kijiwe kwenye kandambili, mwingine anataka maji. Akiinama tena, wote wanainama. Walilima naye hivyo msimu mzima.

"Na wimbo?" niliuliza, mjinga mimi.

"Wimbo tulimwachia pengo lake. Tukifika pa kuitikia tunanyamaza. Siku moja akaitikia."

Basi hicho ndicho nilichokifungia stoo nikatia ufunguo mfukoni. Sikumtoa mama yako kwenye kazi. Kazi aliendelea nayo, maji alichota, kuni alileta, wewe alikubeba. Nilimtoa mahali pekee ambapo uchovu wake ulikuwa unapokelewa na watu.

Siku moja nilirudi mapema kutoka shuleni nikamkuta amesimama kwenye uzio wa katani, mikono imeshika majani. Ng'ambo walikuwa wanalima kwa jirani. Alikuwa anaitikia, kwa sauti ndogo, ya mtu anayejisemesha. Wale kule hawakumsikia. Walikuwa wanaendelea na wimbo wao na pengo lake limeshazibwa.

Nikamwambia, "Ingia ndani, jua kali."

Akaingia ndani, Ghati. Hakubisha. Mwanamke ambaye alikuwa akinirudishia kila neno na riba, aliingia ndani akakaa kwenye kochi.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe. Presha, dawa, safari za hospitali, ukimya. Ulikuwa kidato cha pili siku aliyoanguka akiwa amekaa palepale kwenye kochi jekundu, mbele ya runinga iliyokuwa imewashwa. Daktari alisema ni presha, na mimi sisemi daktari alikosea. Sijasoma udaktari. Ninachosema ni kwamba alikuwa ameanza kuondoka zamani, na mimi ndiye niliyemshikia mlango. Mchungaji aliposema makaburini kwamba mama amepumzika, nilitaka kumpiga. Wajomba zako walinishika mikono wakidhani ni uchungu.

Sasa nije kwako, maana ndiko ninakoogopa.

Ulirudi nyumbani wakati wa palizi na likizo ya ugonjwa. Ulitoka kule machimboni, kwenye zahanati ile uliyoachwa muuguzi peke yako na watu wa kila mkoa waliokuja kutafuta dhahabu, na mimba zao, na majeraha ya mashimoni, na ugomvi wao wa usiku. Ulinieleza mara moja tu, kwa maneno machache, habari za yule mama aliyetokwa damu mpaka akaisha mikononi mwako, gari la wagonjwa likiwa limekwama. Hukulieleza tena. Lakini nilikuona unanawa. Ulinawa ulipoamka, ulinawa kabla ya kula na baada, ulinawa ukiwa umetoka kunawa, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Usiku nilikusikia unatembea sebuleni.

Na mimi nikafanya nini? Nikafanya ninachokijua. Nilikasirika. Niliwakasirikia waliokuacha peke yako, na hasira ile ilikuwa ya haki, naitetea mpaka kesho. Nikasema dawa ya binti yangu ni kusema ukweli hadharani. Ukaniambia, "Tata, sitaki." Nikasikia, "Tata, naogopa," na mimi mtu akiogopa humsukuma. Nikakupeleka mkutanoni. Nikasimama, nikaunguruma kuhusu wauguzi wanaotumiwa kama taa, zikiisha mafuta zinatupwa, nikapigiwa makofi, kisha nikasema, "Binti yangu huyu hapa, atawaeleza mwenyewe."

Ulishika mgongo wa kiti cha plastiki. Nilisikia meno yako yanagongana. Mkutano mzima ulisikia. Mimi nilisimama pale nimeshika karatasi zangu za hoja, na katika hoja zote zile hakukuwa na moja ya kukusaidia.

Mama Wegesa ndiye aliyekuja mbele. Alikushika kiwiko kama mtu anayemshika mwenzake kuvuka mto, akakutoa. Aliponipita akaniambia kwa Kikurya maneno ambayo sitayaandika, na tafsiri yake ya adabu ni kwamba nimeshaua mmoja.

Siku chache baadaye nilikukuta nyuma ya nyumba, mbele ya jiko la udongo la mama yako. Tangu afe hatukupika humo. Kuta zilikuwa zimepasuka na mchwa wamepanda mpaka kwenye nyasi za paa. Ulikuwa umesimama unaliangalia kwa namna unavyomwangalia mgonjwa.

"Nataka ufunguo wa stoo," ukasema. "Nahitaji jembe la kuchimbia udongo."

Nilikupa. Sikuwa nimefikiri. Ulipotoka na jembe lile nilihisi kama mtu amenivua nguo. Mpini ulikuwa umeliwa na mchwa, ukakatika mkononi mwako, na wewe hukujua ni jembe gani. Ukaniuliza tu, "Tata, mbona bado lina makali?" Jibu unalipata leo. Lilikuwa na makali kwa sababu mama yako alilinoa jioni ile kabla sijalifungia, akijiandaa kwenda kwa Mama Wegesa asubuhi.

Ukachimba udongo wa kichuguu kwa kipande cha mpini kilichobaki, ukachanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, ukakunja mikono ya blauzi, ukaanza kusiriba ukuta. Kwa viganja vile vile vilivyopasuka kwa kunawa. Na mimi, wala usidhani nilikuwa nimejifunza, nilikuja mbio.

"Ghati, wewe ni muuguzi. Una vidonda mikononi. Hayo ni mavi."

"Nimechanjwa pepopunda, Tata."

"Kama ni kupumzika si ukae ndani? Nitatafuta fundi apige saruji, siku mbili jiko linakwisha."

Hukugeuka. Ulikuwa unapitisha kiganja ukutani kwa mzunguko, kama anavyopanguswa mtoto mgongo. Ukasema, "Sitaki liishe."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na hoja tatu tayari. Unafahamu hoja zangu huja tatu tatu. Halafu nikaona mikono yako imetulia. Tangu urudi ilikuwa inatetemeka hata ukishika kikombe, na sasa ilikuwa imetulia, imejaa mavi mpaka kiwikoni. Nikafunga mdomo. Mwanangu, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Kisha wakaja wenyewe, Mama Wegesa na wale waliobaki wa mstari wa mama yako. Hawakualikwa. Walikuja na ndoo zao. Mama Wegesa aliliona jembe, akalichukua, akaligeuzageuza, akaondoka nalo. Kesho yake akaja nalo lina mpini mpya. Wakajipanga ukutani, na mimi niliyekuwa nimejibanza dirishani na kitabu nisichokisoma, niliona wamekuweka wapi. Walikuweka katikati.

Hukuona kwamba walikuwa wanapunguza mwendo. Usiwaambie nimekuambia.

Siku ile Mama Wegesa alinikuta nimesimama kama nguzo. "Mwalimu," akaita, "leo hakuna hotuba?"

"Hakuna."

"Haya, mshukuruni Mungu. Basi lete maji."

Nilileta maji. Mwingine akasema hajawahi kuona mwanasiasa akibeba ndoo bila mpiga picha. Nikasema mimi si mwanasiasa. Akasema, "Ndiyo maana ndoo imefika nusu." Ukacheka, Ghati. Nilikuwa sijasikia kicheko chako tangu urudi, na kilikuwa cha mama yako, kile cha kurudi shambani. Nilikwenda kuchota ndoo nyingine ambayo haikuhitajika.

Usidhani nakuandikia kukuambia kwamba siri ya maisha ni kusiriba jiko. Huko Tunduru labda hakuna jiko la kusiriba, na huenda udongo wake haushiki. Wala sikuambii urudi risaga. Mama yako alipumzika katikati ya watu. Wewe nakuona unapumzika kwa mikono, watu wakiwa karibu lakini hawakugusi. Mimi, nitakuambia kweli, sijui mapumziko yangu yako wapi. Nimeyatafuta. Nimejaribu pombe, ikanipa maadui wapya. Nimejaribu kukaa kimya kanisani, nikajikuta naandaa majibu ya mahubiri. Nilijaribu kwenda mto Mara na ndoano, nikagombana na samaki. Nimekaa miaka mingi nikiamini kwamba ugomvi ndio usingizi wangu, na kweli nikitoka kwenye mabishano makali nilikuwa nalala fofofo. Lakini mtu aliyezimia naye anaonekana amelala.

Ninachokijua ni kidogo. Ninajua kwamba watu watakuambia namna ya kupumzika, na wengi watakuwa na yao. Upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, hatua chache kutoka kibanda changu, watu wanatoka ng'ambo ya bahari kuja kupumzika kwa kutazama tembo. Tembo yuleyule ndiye anayeninyima mimi usingizi msimu mzima, nikiwa na kamba zangu zilizopakwa pilipili na oili chafu za kumzuia, na madebe ya kumfukuzia, na tochi. Wao wakimwona wanapona. Mimi nikimwona nimekwisha. Zamani niliandika makala ndefu ya hasira juu ya jambo hili, na nusu ya hasira ile ningeiandika tena leo. Lakini mnyama ni mmoja. Hakuna mapumziko yaliyoandikwa kwenye kitu chenyewe, yanaandikwa kwa mtu. Kochi jekundu lilikuwa raha kwa mwalimu aliyesimama ubaoni kutwa. Kwa mama yako lilikuwa jeneza lenye mito.

Na ninajua kwamba sisi watu wa huku hatuna hata salamu yake. Tunasalimiana za kazi, pole na kazi, kazi njema. Mtu akikukuta umekaa anakuuliza unaumwa? Kijana wa Kikurya akionekana ametulia, wazee wanamwita, "Mura, ng'ombe wako wamekufa?" Utakwenda na malezi hayo mwilini hata ukiyakataa kichwani. Mimi nimekulea hivyo. Ulipokuwa mdogo ukinionyesha daftari lenye alama nzuri, nilikuwa nauliza nani amekupita. Muuguzi aliyeachwa peke yake akakubali, asiombe msaada mpaka mikono ikaanza kutetemeka, hakufundishwa chuoni. Alifundishwa kwenye meza hii ninayoandikia.

Umeamua mwenyewe kurudi kazini na sikukuzuia. Nilitaka. Nilikuwa hata nimeandaa hoja. Mama Wegesa akaniambia, "Ukimfungia na huyu, tafuta kufuli kubwa, maana tutalivunja." Basi nenda. Wako akina mama huko wanaohitaji mikono yako, nami najua utaitoa yote. Ninaogopa utarudi kama ulivyorudi mara ile. Ninaogopa zaidi kwamba safari hii hutarudi kabisa, utabaki hukohuko ukinawa mikono katika nyumba ya serikali, na hakuna jirani wa kuona. Sina ushauri wa kuizuia hofu hiyo. Nikisema jitunze, nitakuwa nimesema maneno ya kwenye kalenda.

Nitakuambia tu nilichokuwa mimi, ili umtambue akija. Atakuja mtu anayekupenda. Usinielewe vibaya, atakuwa anakupenda kweli, kama nilivyompenda mama yako, na atakuwa na hoja nzuri. Atakukuta na kitu chako, labda ni shamba la mchicha nyuma ya zahanati, labda ni kwaya, labda ni kitu cha kijinga ambacho hata wewe unaona haya kukieleza. Atakuhurumia. Atasema, acha hiyo, umechoka, wewe pumzika. Usimwangalie usoni, maana uso utakuwa na huruma. Mwangalie mikono. Angalia anaondoka na nini.

Na kama huyo mtu ni wewe mwenyewe, maana wewe ni binti yangu na hoja zako pia huja tatu tatu, fanya hivyohivyo.

Nikikupigia simu nitakuuliza habari za kazi, mdomo wangu umeshazoea. Usinijibu. Ngoja mpaka niulize lile jingine, la kupumzika. Huenda nikachelewa, huenda nikazungukazunguka kwa mvua na siasa, lakini usikate simu.

Mama Wegesa alikuja mchana, wewe ukiwa unafua. Alitaka wamalizie upande wa magharibi wa jiko leo, ili uondoke limekwisha na usiwe na deni moyoni. Nimemkatalia. Tumegombana pale uani mpaka kuku wakakimbia, akaniita kichwa cha tofali, nami nikamwambia hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya kweli aliyowahi kunipa. Mwisho akaangalia ukuta, akasema, "Sawa. Uache."

Jembe nimelisimamisha hapo hapo nje, karibu na shimo la udongo. Mvua zikianza upande ule utabomoka kidogo, kwa sababu unapigwa na upepo wa ziwa. Sitaugusa, na fundi wa saruji hatauona. Ukirudi umechoka, utaukuta.

Sasa naenda shambani, madebe yameshaanza kulia upande wa korongo.

Baba yako,
Marwa